Trakta ndogo za bustani na macho ya watu wa inje



Mwezi wa saba mwaka wa 1994, mzee mmoja wa miaka 73 alitoka katika mji mdogo wa Laurens, jimbo la Iowa, kule Marekani, akaingia barabarani. Hakuwa na gari. Macho yake yalikuwa yamechoka, na ruhusa ya kuendesha gari hakuwa nayo. Alikalia trakta ndogo ya kukatia majani, John Deere ya mwaka wa 1966, na nyuma yake akafunga remorke ya mizigo. Alikuwa anaenda kumwona ndugu yake mgonjwa huko Wisconsin, karibu kilometa 390. Mwendo wake ulikuwa kilometa 8 hivi kwa saa. Safari ikachukua wiki sita.

Jina lake ni Alvin Straight. Magazeti yakamwandika, televisheni kubwa zikamwita aje kukaa mbele ya kamera, yeye akakataa. Alikufa mwaka wa 1996. Mwaka wa 1999 David Lynch akatoa filamu juu ya safari ile, The Straight Story, na mchezaji wake mkuu, Richard Farnsworth, akawekwa kati ya waliogombea tuzo ya Oscar. Basi dunia nzima ikatazama trakta ndogo ya bustani ikitambaa kando ya mashamba ya mahindi, na watu wakalia kwenye sinema.

Lakini kulikuwa na watu wengine ambao hawakungoja filamu ili kuipenda mashine ile. Wao walikuwa wanazikusanya, wanazifungua, wanazirudishia rangi, tangu wakati ambapo jirani aliziona ni uchafu tu. Mtu wa sinema aliona mzee na upendo wa ndugu. Wao waliona hayo pia, lakini macho yao yalishuka chini kidogo: motere ni ya mwaka gani? Kiti ni cha kwake kweli? Leo nataka tuongee juu ya watu hao, na juu ya kinachotokea wakati macho ya watu wa inje yanaangukia kitu ambacho wachache walikitunza peke yao.

Sasa mutu atauliza: hii inatuhusu nini siye? Nisomee mpaka mwisho, utaona.

1. Trakta hii ilitoka wapi

Tusichanganye mambo. Kuna mashine ya kukata majani unayoisukuma kwa mikono. Kuna nyingine unayoikalia, nyepesi, kazi yake majani tu. Halafu kuna trakta ya bustani, na hii ni kitu kingine. Fremu yake ni chuma kizito, sanduku la gia ni la chuma cha kumiminwa, na inavuta jembe la kulimia, inasukuma theluji, inabeba udongo. Kisu cha majani kinafungwa chini ya tumbo lake, na kikitoka trakta inabaki trakta.

Mzee wao wa kwanza katika historia hii si mhandisi. Ni mpiga picha. Benjamin Franklin Gravely wa West Virginia alitengeneza jembe la motere akitumia vipande vya pikipiki ya Indian, akapata hati ya uvumbuzi mwaka wa 1916. Mwaka wa 1922 kampuni yake ikaanza kazi katika mji wa Dunbar. Ile ya kwanza ulitembea nyuma yake, ukishika mikono miwili kama mkulima nyuma ya ng'ombe.

Kisha vita vya pili vya dunia vikaisha. Hapo njo historia yenyewe inaanza. Sheria ya mwaka wa 1944 iliwapa askari waliorudi mikopo ya nyumba na masomo. Nyumba zikajengwa kwa haraka inje ya miji mikubwa. Levittown, karibu na New York, ilianza mwaka wa 1947 ikafika nyumba zaidi ya 17 000. Kila nyumba ilikuwa na kiwanja chake cha majani, na mbali zaidi na mji kiwanja kilikuwa kikubwa, na bustani ya mboga nyuma. Kiwanja kile kilikuwa kikubwa mno kwa mashine ya kusukuma, kidogo mno kwa trakta ya shamba. Katikati hapo soko likazaliwa.

Katika South Bend, jimbo la Indiana, Elmer Pond na mtoto wake Cecil walianza kutengeneza trakta ndogo mwaka wa 1946. Jina la Pond lilikuwa limeshatumiwa na mtu wa ukoo wao katika biashara kama hiyo, basi wakachagua Wheel Horse. Kwa Kiingereza cha zamani hilo ni jina la farasi anayefungwa karibu kabisa na magurudumu ya gari, yule anayebeba uzito wakati wengine wako mbele wanaonekana. Jina zuri. Tulikumbuke, tutalirudilia.

Mwaka wa 1960 kampuni kubwa ya International Harvester ikaleta Cub Cadet, ya rangi ya njano na nyeupe, kutoka kiwanda chake cha Louisville, Kentucky. Mwaka wa 1963 John Deere ikajibu na trakta yake ya kwanza ya bustani, ile 110, kutoka Horicon, Wisconsin. Sikiliza kitu cha kuchekesha: hizi mbili, zilizokuwa zinashindana kama timu mbili za mpira, zilianza na motere ya fundi mmoja, Kohler, ya nguvu za farasi 7. Ukiondoa rangi, moyo ulikuwa mmoja. Na mji mdogo wa Port Washington, Wisconsin, ulikuwa na viwanda viwili vya trakta hizi, Simplicity na Bolens, katika mji uleule mmoja.

2. Namna zilivyokuwa vyuma vya kuuza kwa kilo

Kitu kizito kinagharimu. Miaka ya 1970 na 1980 maduka makubwa yakaanza kuuza mashine nyepesi za bati, za bei ndogo. Zilikata majani vizuri, na watu wengi hawakuwa wanalima tena bustani ya nyuma. Nani atanunua farasi wakati anahitaji mbuzi tu?

Majina makubwa yakaanza kupita mkono kwa mkono. Wheel Horse ikauzwa kwa American Motors, wale wa magari, mwaka wa 1974, kisha ikaenda kwa Toro mwaka wa 1986. Cub Cadet ikaenda kwa MTD mwaka wa 1981. Bolens ikauzwa mwaka wa 1988. Majina mengine yalibaki kwenye kofia ya mashine, lakini chini yake kulikuwa na mashine nyingine. Mwishoni mwa mwaka wa 2008 Tecumseh, iliyotoa motere ndogo kwa miaka mingi, ikaacha kuzitengeneza.

Wakati huo zile za zamani zilikuwa wapi? Nyuma ya nyumba, chini ya mti, katika ghala lenye paa lililoanguka. Mzee anakufa, watoto wanakuja kusafisha, wanamwita mtu wa vyuma. Katikati ya mwaka wa 2008 bei ya chuma kikuukuu ilipanda sana duniani, halafu ikaanguka kabla mwaka kuisha. Katika miezi ile, trakta ya kilo mia tatu iliyokaa bila kazi ilikuwa ni franga zinazongoja kubebwa.

3. Wale waliobaki nazo

Hapa wanaingia watu wetu. Si matajiri. Mtu tajiri anakusanya magari ya Ferrari. Huyu ni fundi wa kiwanda aliyestaafu, dereva wa lori, mwalimu, mkulima mdogo. Trakta ya bustani inaingia katika garaji ya kawaida, inabebwa na gari ndogo, na zamani ungeipata kwa bei ya chakula cha jioni cha watu wawili, au bure ukikubali kuiondoa.

Kazi yao ni gani? Kwanza, kujua. Kila trakta ina kibao kidogo cha namba, na mara nyingi kibao hicho kimekwisha kung'oka. Mkusanyaji anasoma mashine yenyewe: umbo la bati la magurudumu, mahali pa tundu fulani, aina ya usukani. Njo vile anajua kama ni ya 1964 au ya 1967. Siye tuliosoma historia tunaita hiyo ukosoaji wa chanzo. Yeye anaifanya akiwa na mafuta mikononi.

Pili, kutunza maandiko. Vitabu vya piesi, karatasi za matangazo, maagizo ya kiwanda, vyote ambavyo kampuni zilizouzwa mara tatu zilitupa, viko katika masanduku ya watu hawa. Wengine wanachapa upya hata vibandiko vya rangi. Anayehitaji kujua karburateri ya mwaka wa 1962 ilirekebishwa namna gani, mara nyingi atajibiwa upesi na mstaafu mwenye sanduku kuliko na kampuni yenye jina.

Tatu, kuzitumia. Katika majira ya kuchipua na ya baridi kidogo wanakutana katika shamba la mmoja wao, wanafunga majembe madogo, wanalima mstari kwa mstari. Pennsylvania kuna maonyesho ya kila mwaka ya wapenzi wa Wheel Horse, nyekundu mpaka mwisho wa macho. Wanaleta watoto na wajukuu. Mtoto wa miaka kumi anafundishwa kusafisha buji.

Na wana ugomvi wao, kama familia yoyote. Mkubwa ni huu: trakta ipakwe rangi mpya ing'ae kama siku ilipotoka kiwandani, au ibaki na kutu na mikwaruzo yake? Wa upande wa kwanza wanasema: ninarudishia mashine heshima. Wa upande wa pili wanajibu: ukipaka rangi, umefuta alama za mikono ya mzee aliyeitumia miaka arobaini. Rangi inapakwa tena kila siku, alama ile hairudi. Mimi sijui nani ana haki zaidi, lakini najua ni swali lilelile la wanahistoria.

4. Wageni wa aina tatu

Basi watu wa inje wakaja. Nawapanga katika makundi matatu.

Wa kwanza ni yule anayecheka. Anakuja kwenye maonyesho na kamera, anatafuta mwanaume mnene mwenye kofia, amekaa juu ya trakta ndogo, apige picha moja ya kuchekesha na aende. Habari yake imekwisha kuandikwa kabla hajashuka garini. Hamuulizi mtu yule alijifunza wapi kusoma gia kwa masikio tu. Huyu haui kitu, lakini anafanya watu wafunge milango. Mwaka unaofuata, hata anayekuja kwa heshima anatazamwa vibaya.

Wa pili ni yule anayenunua. Mwaka wa 2010 televisheni ya Marekani ilianza kuonyesha American Pickers, wanaume wanaozunguka vijijini kununua vitu vya zamani katika maghala ya watu. Kipindi kile kilikuwa na uzuri wake, lakini pamoja na vingine vya namna hiyo kilifundisha watu wengi kwamba kila kutu inaficha dhahabu. Chukua mfano wa trakta za John Deere za mwaka wa 1969. Kampuni ilitaka kuwavutia watu wa mjini, ikatoa trakta nyeupe zenye kofia na kiti cha rangi nne: nyekundu, rangi ya chungwa, buluu, njano. Watu hawakuzitaka. Walitaka kijani, na nyingine zikapakwa kijani ili zitoke dukani. Leo zile zilizokataliwa njo zinatafutwa kuliko dada zao. Na kitu kikitafutwa, mwongo anazaliwa: anachukua trakta ya kijani, anaipaka nyeupe, anaitia kofia ya rangi ya chungwa, anaiuza kwa mgeni asiyejua. Mwingine anavunja trakta nzima inayotembea, juu vipande vyake vikiuzwa kimoja kimoja vinaleta zaidi. Kijana wa kijijini aliyekuwa ananunua ya kwanza kwa mshahara wa wiki, sasa anatazama tu.

Lakini tuseme ukweli wote. Bei hiyohiyo iliokoa nyingi. Mjane aliyekuwa amwite mtu wa vyuma, sasa anauliza kwanza. Chuma chenye bei hakitupwi. Wakusanyaji wenyewe wanalijua hilo, hata kama linawaumiza.

Wa tatu ni yule anayesimulia, kama David Lynch. Alifanya kitu kimoja cha heshima: alipiga filamu yake katika njia ileile ambayo mzee alipita, na kwa mpangilio wa safari yenyewe. Hakuharakisha mashine. Hata hivyo, baada ya filamu, kwa mtu wa mbali trakta ile ikawa na hadithi moja tu, ya mzee na ndugu yake. Hadithi nzuri ikikubalika sana, inaweza kukalia nyingine zote. Wale wa South Bend nani atawasimulia? Katika mji ule, kiwanda kikubwa cha magari ya Studebaker kilifungwa mwezi wa kumi na mbili mwaka wa 1963, na Wheel Horse iliendelea kutoa trakta palepale. Kila trakta nyekundu ya mwaka wa 1964 ilitoka katika mji uliokuwa na jeraha bichi. Hilo kwenye filamu halipo, na haikuwa kazi ya filamu ile kulisema. Ni kazi yetu, watu wa historia.

5. Swali ambalo mgeni peke yake ataliuliza

Hapa nataka kugeuza kidogo, kusudi tusidhani mwenyeji ana haki siku zote na mgeni ni mbaya siku zote.

Chukua karatasi za matangazo za zamani ambazo wakusanyaji wanazitunza kama mboni ya jicho. Baba anatabasamu juu ya trakta, mama yuko mlangoni, watoto wanacheza, majani yamekatwa sawasawa. Mwenyeji anaona trakta, anataja mwaka na namba. Mgeni anaweza kuuliza: nani hayuko katika picha hii?

Jibu ni zito. Ile Levittown niliyoitaja, mikataba yake ya kwanza ilikataza watu weusi kukaa katika nyumba zile. Askari mweusi aliyepigana katika vita vilevile alirudi, akakuta mlango wa kiwanja cha majani umefungwa. Basi kabla hujauliza nani alinunua trakta ya bustani, uliza nani aliruhusiwa kuwa na bustani. Mkusanyaji hana kosa juu ya hilo. Lakini mtu aliyezaliwa ndani ya picha ni vigumu kuona ukingo wake. Mgeni anayeuliza kwa adabu, akakaa kungoja jibu, anaongeza kitu katika historia ambacho mwenyeji peke yake hangekipata.

Kwa hiyo tofauti haiko kati ya wa ndani na wa inje. Iko kati ya anayekuja kuchukua na anayekuja kukaa.

6. Na siye?

Nimeahidi kusema inatuhusu nini. Wakati wa kuandika TFC yangu, nilienda kijijini kwa mzee mmoja aliyetunza mashine ya zamani ya kusaga. Nilikaa siku mbili, nikajaza daftari, nikapiga picha. Alinifungulia kila kitu, mpaka misumari aliyoiweka katika mkebe wa maziwa. Wakati wa kuondoka akaniuliza: "Mtoto wangu, hii karatasi utanirudishia lini, na mimi nisikie umeandika nini?" Nikasema, mwezi ujao. Nilipata alama nzuri. Kule sikurudi. Miaka ikapita, nikasikia mzee amekwisha kufariki.

Ninaposoma juu ya watu wa kamera kule Marekani wanaopiga picha moja na kwenda, siwezi kuwarushia jiwe. Wengi wetu tuna diplome iliyojengwa juu ya maneno ya mzee fulani, na mzee yule hakuona hata ukurasa mmoja.

Ndiyo maana jina la Wheel Horse linanikaa moyoni. Katika kila historia kuna farasi wa mbele, wanaoonekana: mwenye filamu, mwenye kipindi, mwenye diplome. Na kuna yule aliyefungwa karibu na magurudumu, anayebeba uzito bila kupigwa picha: fundi mwenye mkebe wa misumari, mstaafu mwenye sanduku la vitabu vya piesi. Wakusanyaji wa trakta hizi wanazeeka. Yule aliyemwona Cecil Pond kwa macho, aliyefanya kazi Horicon au Louisville miaka ya sitini, akiondoka anaondoka na maktaba. Kwetu ni vilevile.

Basi ndugu msomaji, kama una daftari la utafiti wa zamani katika kabati, lifungue. Tafuta jina la mtu aliyekufundisha. Kama yuko hai, mpelekee nakala, umsomee kwa lugha anayoisikia. Kama hayuko, watoto wake wapo. Mimi nilikwenda mwaka uliopita, nikasomea watoto wa yule mzee kurasa nne. Mashine haikuwapo tena, ilikuwa imeuzwa kwa kilo. Lakini mkebe wa misumari walikuwa nao bado, na mjukuu mmoja alijua kila msumari ulikuwa wa wapi.